Mwembe wetu ulikatwa matawi mwaka jana, huu mwaka wa pili hautoi ua. Fundi kauharibu au kuna jingine?

MwanaTanga
Wakuu, salaam. Nyumbani kwetu Tanga kuna mwembe dodo mkubwa, aliupanda babu. Tawi moja lilikuwa limelala juu ya bati la jikoni, jingine linaelekea kwenye nyaya za umeme za barabarani. Embe zilikuwa hazina shida, msimu ukikolea tunagawa kwa ndoo mtaa mzima.

Mei mwaka jana (2024) redio zilipotangaza kimbunga Hidaya baba akakosa usingizi. Kimbunga chenyewe kiliingilia Mafia kikaishiwa nguvu, kwetu hakikuvunja hata kijiti, ila mzee alishaamua. Mwanzoni mwa Juni akaletwa fundi na msumeno wa mashine. Alipomaliza yalibaki mapande matano manene bila jani hata moja, na kila kidonda akakipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti.

Mwaka jana hatukupata embe, tukasema ni haki yake, umekatwa. Sasa hivi miembe yote ya mtaa imechanua. Wetu umejaa fito zilizonyooka kwenda juu, majani tele, ua hakuna. Kaka anasema fundi kaua mti, ukatwe wote tuuze kuni. Baba anasema tusubiri. Nani yuko sahihi?

Shoka Butu
Weka picha.

Mkulima Makueni
Hapo kosa ni mwezi. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na ncha hizo hujiandaa wakati wa baridi na ukavu, Juni mpaka Agosti. Mkikata Juni mmekata maua kabla hamjayaona. Sisi huku Makueni, Kenya, tunakata mara tu embe za mwisho zikishuka, ili mvua ndefu ikute mti unachipua na machipukizi yakomae kabla ya baridi.

Kipanga
Makueni, soma tena. Jamaa kasema mwaka WA PILI. Juni ya mwaka jana inaeleza embe za mwaka jana. Zile fito zimekuwa na mwaka mzima wa kukomaa, mbona hazijachanua?

Mkulima Makueni
Sawa, kwa mwaka huu hoja yangu haitoshi. Lakini mwezi bado ulikuwa mbaya, hilo sirudi nyuma.

Mzee wa Korosho
Huo haukupogolewa, umenyolewa kipara. Ni vitu viwili tofauti, na watu wengi wanamlipa fundi kwa hicho cha pili wakidhani wamenunua cha kwanza.

Mizizi ya mti wa babu ni ile ile, mikubwa, ina akiba ya miaka. Ukiondoa majani yote, nguvu yote ile inatokea kwenye machipukizi machache. Yanapanda juu kwa kasi, marefu, mabichi, na kazi yake ya kwanza ni kurudisha majani. Kuzaa baadaye. Mwembe mzee uliokatwa hivyo kukaa misimu miwili au mitatu bila embe ni jambo la kawaida kabisa. Kanuni tunayoenda nayo huku kusini kwenye mikorosho: usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Mti ukiwa mkubwa sana, kazi unaigawa miaka mitatu.

Baba yuko sahihi. Subirini.

Bi Mkubwa Ngamiani
Mimi jirani wa hapo hapo Tanga. Mwanangu, dodo la mbegu lina tabia yake: mwaka linajaza, mwaka linapumzika. Wangu haujaguswa na panga tangu nimeolewa na mwaka huu una maua upande wa baharini tu. Msimtwishe fundi mzigo wa Mungu.

Kipanga
Bi Mkubwa, shikamoo. Kupumzika mwaka mmoja naelewa, lakini huu umepumzika miwili mfululizo wakati majirani wote wamechanua.

Bi Mkubwa Ngamiani
Marahaba. Ulipumzika mwaka jana kwa panga na mwaka huu kwa zamu yake. Mbona hesabu nyepesi.

Shoka Butu
😂😂 Kipanga kapigwa na bibi.

Mtaalamu Koko
Swali kwa mleta uzi: karo la choo liko wapi?

MwanaTanga
Asanteni wote. Karo liko kama hatua kumi kutoka shinani, lilichimbwa upya tulipojenga choo cha ndani. Kwa nini?

Mtaalamu Koko
Jibu ndilo hilo. Mwembe wenye maji na naitrojeni (chakula cha majani) ya karo mwaka mzima hauna sababu ya kuchanua. Mwembe huchanua ukibanwa kidogo, usiku wa baridi au ukame. Wako una bafe chini ya ardhi. Majani ya kijani kilichokolea yanayong'aa, siyo?

MwanaTanga
Ndiyo, yanang'aa. Ila karo lilikuwepo hata kabla ya kukatwa na embe tulikula.

Mtaalamu Koko
Mti ulikuwa mkubwa, ulimeza chakula chote hicho na ukabaki na nafasi ya maua. Sasa mdomo mdogo, sahani ile ile.

Batinah
Wandugu, niko Oman, kwetu asili Unguja. Mnabishana maua, mimi nimeshtushwa na mashine ya fundi. Kabla ya kuja kwenu alikata wapi? Aliisafisha?

Huku pwani ya Batinah miembe ilianza kukauka mwaka 1998. Tawi moja linageuka kahawia, majani yanabaki yananing'inia, baada ya muda mfupi mti wote umekwisha. Ni kuvu wa kundi la Ceratocystis, anasaidiwa na mdudu mdogo anayetoboa gome. Mashamba ya wazee wetu yaling'olewa. Toka hapo hakuna mtu anayejua kazi atahama mti mmoja kwenda mwingine bila kufuta msumeno kwa spiriti au jiki.

Mkulima Makueni
Naunga mkono. Jiki inakula chuma lakini, ukimaliza suuza na upake mafuta. Mimi natumia spiriti.

Kibo Kahawa
Nimechelewa. Nazungumzia ile rangi ya geti, maana naona imepita kimyakimya.

Kulikuwa na Mmarekani, Alex Shigo, wa idara yao ya misitu. Alipasua maelfu ya miti kwa urefu aone kuoza kunavyotembea ndani. Alichokuta ni kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoumia, unaifungia humo, halafu unaota mbao mpya kwa nje. Rangi haizuii kuoza, na mara nyingi inafunika unyevu chini yake ambako kuvu wanafurahi. Kinachosaidia ni mahali ulipokata. Ukiangalia tawi linapotoka kwenye shina kuna kivimbe kama pete. Kata nje tu ya pete hiyo. Usikate ndani yake ukalisawazisha na shina, na usiache kigutu cha nusu mita. Kigutu kinakufa, kinaoza, na kuoza kunaingia shinani.

Mapande matano bila jani maana yake ni vigutu vitano.

Mzee wa Korosho
Rangi ya geti sitetei. Lakini mrututu, ile dawa ya shaba, na chokaa je? Wazee wamepaka miaka yote na miti iko hai.

Kibo Kahawa
Mzee wangu, miti iko hai na mrututu au licha ya mrututu? Mrututu unaua kuvu wa juu, sawa, kwenye sehemu zenye ugonjwa nitapaka hata mimi. Kuoza kwa ndani hauufikii. Chokaa nakubali kwa sababu nyingine: tawi lililokaa kivulini miaka yote ukilivua nguo ghafla linaungua jua, gome linapasuka. Chokaa nyeupe inarudisha mwanga.

Mzee wa Korosho
Nitaendelea kupaka.

Kibo Kahawa
Najua utaendelea 😄

Wakili Msomi
Nimeona nyaya za umeme, nimeona majirani, hakuna aliyegusia sheria. Tawi la jirani likivuka mpaka, kwa sheria ya Kiingereza tuliyorithi unaruhusiwa kulikata mpaka kwenye mstari wako, bila hata kumwarifu. Kesi ni Lemmon dhidi ya Webb, miaka ya 1890. Ila matawi na matunda yaliyoanguka ni mali yake, siyo yako.

Bi Mkubwa Ngamiani
Wakili, kata tawi la jirani yangu bila kumwambia uone kama Lemmon atakuja kukuamulia. Nenda kwa mjumbe kwanza, ukae naye, unywe chai.

Wakili Msomi
Bi Mkubwa, naiondoa hoja 🙏

Dada wa Kihesa
Kuhusu nyaya: asipande MTU YEYOTE kukata tawi lililo karibu na nyaya, hata kama fundi anasema amezoea. Kwetu Iringa kijana alikuwa anakata mkaratusi kwa panga, tawi likalala kwenye waya. Tawi bichi lina maji, umeme unapita. Hakugusa waya, aligusa tawi. Alipona lakini mkono haufanyi kazi. Shirika la umeme linao watu wa kukata na wa kuzima laini, wasumbueni hao.

Shoka Butu
Wakija wao wanakata herufi V katikati ya mti wanaondoka. Mti wa kwetu una umbo la kombeo.

Dada wa Kihesa
Bora kombeo kuliko msiba.

Mkulima Makueni
Ukweli mchungu: mti usiopandwa chini ya waya haukatwi V. Chini ya nyaya panda mpera, mlimau, stafeli.

Fito na Kamba
Mimi ndiyo kazi yangu, nakwea na kukata miti Dar. Nimesoma uzi wote kwa sababu kesi hii ninaitiwa kila masika ikikaribia. Mafundi tunatukanwa sana, acha niseme upande wetu kidogo. Mteja anapiga simu, anataka mti "upunguzwe". Unamwambia tutaondoa matawi makavu, yanayosuguana, na tutafupisha lile la jikoni. Unamtajia bei. Anauliza, sasa mbona hata hauonekani umekatwa? Anataka aone pengo ndipo aone pesa yake imefanya kazi. Fundi mwenye njaa atampa pengo.

Tawi zito linakatwa mara tatu, siyo mara moja. Kwanza chini ya tawi, kama futi moja kutoka shinani, unaingia robo ya unene. Pili juu, mbele kidogo ya hapo, linadondoka bila kuchana gome. Tatu ndiyo unaondoa kigutu pale kwenye pete aliyosema Kibo. Ukiruka mkato wa chini, tawi likianguka linavuta gome mpaka karibu na ardhi. Kidonda hicho ndicho kinachoua mti, na nimekiona kwenye miembe mingi kuliko hizo rangi mnazobishania.

MwanaTanga, kabla hamjaamua lolote, hizo fito zimeota wapi? Pembeni ya vigutu au chini kwenye shina?

MwanaTanga
Pembeni ya vigutu, zimeshonana. Nyingine nene kama mkono wangu sasa.

Fito na Kamba
Hapo ndipo hofu yangu ilipo, na siyo embe. Tawi la asili limejengwa ndani ya shina tangu likiwa dogo, mbao zimefumana mwaka baada ya mwaka. Fito ya baada ya kipara imeshikilia tabaka la juu tu, na chini yake kigutu kinaoza. Ikifika unene wa paja na ina embe juu, upepo mkali utaishusha nzima nzima. Baba yako alikata mti kwa kuogopa bati. Mkiuacha ulivyo, baada ya miaka michache bati litakuwa kwenye hatari kubwa kuliko kabla ya Hidaya.

Chagua fito mbili au tatu kwa kila kigutu, zilizoachana na zinazoelekea nje. Zilizobaki punguzeni kidogo kidogo, siyo zote siku moja.

Mzee wa Korosho
Hapo umesema. Na kwenye mikorosho kuna sababu ya ziada: vichipukizi vya ndani kivulini ndipo ubwiriunga, ule ukungu wa unga mweupe, unapojificha msimu ukiisha. Ukivitoa kabla mti haujachanua, unapunguza ugonjwa kabla ya kununua hata mfuko wa salfa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wametuimbia hilo miaka mingi. Mwembe nao una ubwiriunga wake, tena unapenda maua. Mleta uzi, una hakika hayakutoka maua yakapukutika? Yale ya ubwiriunga yanakuwa na unga mweupe, yanakauka, unabaki na vijiti.

MwanaTanga
Sikuwa nyumbani Julai. Mama anasema hakuona.

Kipanga
Maelezo mapya haya. Tuko wangapi sasa? Mwezi mbaya, kipara, zamu, karo, ubwiriunga.

Mtaalamu Koko
Karo 🙋🏾‍♂️

Babu wa Pangani
Mnaruka jambo moja. Mti wa babu unakatwa bila kuuaga? Vitovu vya watoto vimezikwa chini yake. Zamani mzee anakaa chini ya mti, anasema maneno, ndipo shoka linaingia. Na mwembe uliogoma kuzaa tulikuwa tunautisha: mmoja anashika panga anasema "leo nakukata", mwenzake anasema "uache, mwakani utazaa". Anaupiga makofi mawili matatu ya panga shinani. Unazaa.

Shoka Butu
Babu na majini yao.

Babu wa Pangani
Jini liko mkwajuni na mbuyuni, mjukuu. Mwembeni hamna.

Kibo Kahawa
Msicheke. Yale makofi ya panga yanakata gome. Sukari inayotengenezwa na majani inashuka mizizini kwa kupitia gome. Ukilikwaruza, sukari inabaki juu kwa muda, na mti ulioshiba sukari matawini unaweza kuchanua. Hatari yake ni hiyo hiyo ya vidonda. Ukizidisha unauzungushia mti pingu ya kidonda, unakufa.

Bi Mkubwa Ngamiani
Na moshi? Mama yangu alikuwa akichoma majani mabichi chini ya mwembe jioni, siku nyingi, mpaka mti wote unanuka.

Mkulima Makueni
Bi Mkubwa, hata Ufilipino walikuwa wanafukizia miembe moshi ichanue. Miaka ya 1970 mtaalamu wao, Ramon Barba, akaonyesha kwamba kunyunyizia potasiamu naitreti (chumvi ya mbolea yenye naitrojeni) majani kunafanya kazi hiyo bila moshi. Siku hizi wakulima wengi wa huko wanauza embe nje ya msimu kwa sababu hiyo. Sharti moja: machipukizi yawe yamekomaa. Ukinyunyizia majani machanga unapata majani zaidi, basi.

Mtaalamu Koko
Yaani unamwongezea naitrojeni mtu mwenye karo la choo 😂

Mkulima Makueni
Sijamwambia anyunyizie. Nimemjibu Bi Mkubwa.

Kibo Kahawa
Nirudi kwa kaka anayetaka kuni. Kahawa yetu ikizeeka tunaikata kisiki, kama sentimita 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari maji yasitulie. Mwenye shamba hakati yote mwaka mmoja, anakata kwa sehemu ili asikose kabisa. Misimu miwili ya kwanza anayemuona anadhani kachanganyikiwa. Baadaye ndiye anayechuma kuliko jirani. Kukosa mazao baada ya kukata siyo ushahidi wa kifo.

Kipanga
Kahawa imezoea kukatwa chini, mwembe wa miaka hamsini haujazoea. Mfano wako una mipaka.

Kibo Kahawa
Una mipaka, ndiyo. Mjohoro na mwarobaini ukivikata kichwa vinachipua na maisha yanaendelea, mvinje haupendi kabisa. Mwembe uko katikati.

Batinah
MwanaTanga, nina ombi moja. Nenda kwenye kila kigutu, kwangua rangi ya geti kidogo, tazama kama kuna vitundu vidogo kama vya sindano na unga wa mbao. Tazama pia kama gome linatoa utomvu wa rangi ya kahawia.

MwanaTanga
Nimetoka kuangalia na mdogo wangu, kwa ngazi. Vigutu vinne vikavu, rangi imebanduka, ndani laini ukibonyeza kwa kidole. Cha tano, kile cha upande wa jikoni, kina vitundu na unga mweupe. Utomvu sijauona. Fito zake majani ya nchani yameanza kujikunja.

Batinah
Sipendi hiyo habari.

Fito na Kamba
Tulia kwanza. Vitundu kwenye mbao zilizokufa vinaweza kuwa vya bungua wa kawaida, anakula mbao kavu hana habari na mti mzima. Majani kujikunja nchani inaweza kuwa jua, vithiripi (wadudu wadogo wa majani), hata kiu.

Batinah
Inaweza. Huku nako tulisema bungua.

Mzee wa Korosho
Msibishane kwa kukisia. Kata kipande chenye sehemu mbovu na sehemu nzima pamoja, kifunge kwenye gazeti, siyo nailoni kisije kikaota ukungu wa njiani. Mpelekee afisa kilimo wa kata akuelekeze maabara. Na kabla ya jibu usitumie msumeno huo kwenye mti mwingine wowote, hata wa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa Ngamiani
Hasa wa Bi Mkubwa.

MwanaTanga
Kaka kasoma hapa, kasema "si nilisema ukatwe". Baba kasoma, kasema "si nilisema tusubiri". Kesho napanda kukata hicho kipande.

Fito na Kamba
Usipande kwenye fito, shika shina. Ngazi ifungwe kamba juu, mtu mwingine akae mbali, siyo chini ya kigutu. Mvua ikinyesha usiku ahirisha, gome la mwembe likilowa linateleza. Na utomvu ukikurukia usijipanguse machoni.

Shoka Butu
Na picha, mkuu. Tunaomba picha.